Ngoma za ibada Brazil: Wapenda boga, wachukia ua lake

MWEZI Desemba 2024 mwimbaji mashuhuri wa Brazil, Claudia Leitte, alipanda jukwaani mjini Salvador, katika jimbo la Bahia, akaimba wimbo ambao mashabiki wake waliujua kwa moyo. Mahali ambapo wimbo huo humsalimu Iemanjá, mungu wa kike wa bahari katika dini zenye asili ya Afrika, yeye aliweka jina la Yeshua, yaani Yesu.

Mwanamuziki huyo, ambaye ni mlokole, alikuwa amekwisha kufanya badiliko hilo hata kabla ya hapo. Safari hii jambo hilo halikupita kimya. Katibu wa Utamaduni wa Salvador, Pedro Tourinho, alilikemea hadharani, na Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Umma ya Bahia ikafungua uchunguzi, kufuatia malalamiko ya viongozi wa dini hizo, ili kubaini iwapo hapo palikuwa na ubaguzi. Leitte aliwaambia waandishi wa habari kuwa ubaguzi wa rangi ni suala zito linalostahili kujadiliwa kwa uzito wake, wala si la kuhukumiwa juujuu katika intaneti.

Msomaji aweza kujiuliza: neno moja la wimbo lina uzito gani hata liwashughulishe waendesha mashtaka? Jibu halimo katika wimbo huo. Limo katika historia ya zaidi ya miaka 100, ambayo ndani yake taifa la Brazil limekuwa likiichukua midundo ya Waafrika na kuikataa dini iliyoizaa. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Brazil imelipenda boga kiasi cha kulitembeza dunia nzima. Ua lake bado linapigwa mawe.

Ngoma ndiyo sala

Ili kuelewa kinachobishaniwa, hatuna budi kwanza kuelewa nafasi ya ngoma katika dini hizo, ambazo kubwa miongoni mwake ni Kandomble na Umbanda. Wanahistoria wanakadiria kuwa karibu Waafrika milioni 5 walishushwa Brazil wakiwa watumwa, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote ya bara la Amerika. Walikuwamo Wayoruba na Wafon wa Afrika Magharibi, Wakongo na Wambundu wa upande wa Angola, na hasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watu wa Msumbiji waliosafirishwa kutoka bandari kama Quelimane hadi Rio de Janeiro. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1888, na hakuna nchi ya bara hilo iliyochelewa kuliko Brazil.

Kila kundi liliacha alama yake. Katika tawi la Kandomble liitwalo Ketu, lenye mizizi ya Kiyoruba, hupigwa ngoma tatu, yaani rum, rumpi na lé, zikiandamana na kengele ya chuma. Ngoma kubwa, rum, ndiyo inayozungumza na mchezaji na kuongoza hatua zake. Kila mungu, au orisha kama wanavyoitwa, ana mdundo wake. Alujá ni wa Xangô, mwenye radi na haki. Opanijé ni wa Omolu, mwenye maradhi na tiba. Ijexá huambatana na Oxum, bibi wa mito. Mkuu wa wapigaji si mtumbuizaji wa kukodiwa, bali ni mtu mwenye cheo cha kidini, na ngoma zenyewe huwekwa wakfu, hutolewa sadaka, na waumini huziinamia kwa heshima.

Katika tawi la Angola, ngoma huitwa kwa jina ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa: ngoma. Neno hilo lilivuka bahari ya Atlantiki vinywani mwa wasemaji wa Kikongo na Kimbundu, lugha za Kibantu zilizo ndugu wa Kiswahili. Nasi tunajua kwamba kwetu neno hilo halitaji chombo peke yake, bali hutaja pia mchezo, mkusanyiko wa watu, na katika baadhi ya mila hata tiba.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Mwislamu aweza kuswali bila kipaza sauti, na Mkristo aweza kuabudu bila kengele ya mnarani. Lakini katika Kandomble orisha huitwa kwa mdundo, naye huitika kwa kumshukia muumini anayecheza. Kwa sababu hiyo, anayeamuru ngoma zinyamaze hapunguzi kelele za ibada tu. Anaiondolea ibada hiyo moyo wake.

Enzi za polisi

Baada ya utumwa kufutwa na ufalme kuanguka mwaka 1889, viongozi wa jamhuri mpya walitangaza kutenganisha dini na serikali. Kwa maandishi, kila mtu alikuwa huru kuabudu. Hata hivyo, kanuni ya adhabu ya mwaka 1890 ilifanya mazingaombwe, uchawi, upungaji wa pepo na uganga kuwa makosa ya jinai. Ujanja ulikuwa mwepisi: dini ya Mwafrika haikuhesabiwa kuwa dini, ikawekwa katika fungu la uchawi, na polisi wakapata ruhusa ya kuvamia.

Tukio linalokumbukwa zaidi lilitokea Maceió, mji mkuu wa jimbo la Alagoas, usiku wa Februari 1 kuamkia Februari 2, 1912. Kundi la watu wenye silaha, waliojiita wapiganaji wa jamhuri, lilizivamia nyumba za ibada moja baada ya nyingine, likavunja madhabahu na kuwapiga waumini. Sababu ilikuwa pia ya kisiasa, kwani wapinzani wa gavana Euclides Malta walimtuhumu kuwa rafiki wa nyumba hizo. Kuhani mzee aliyejulikana kama Tia Marcelina alijeruhiwa vibaya, na jina lake limebaki kuwa alama ya msiba huo.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi kuliko uvamizi wenyewe. Kwa hofu ya kushambuliwa tena, waumini wa Alagoas walianza kuabudu kimyakimya, bila ngoma, kwa kunong'ona na kupiga makofi ya chini. Wenyewe waliita mtindo huo Xangô anayeombwa kwa sauti ya chini. Ilipita miaka 100 kamili kabla gavana wa jimbo hilo, Teotônio Vilela Filho, kuomba radhi rasmi mwaka 2012.

Mjini Rio de Janeiro, polisi walikuwa wakikusanya ngoma, mavazi na vyombo vya ibada kama vielelezo vya uhalifu. Mwaka 1938 serikali iliuorodhesha mkusanyiko huo kuwa urithi wa taifa, lakini kwa jina la uchawi, na vifaa vikaendelea kukaa mikononi mwa polisi katika jumba lao la makumbusho.

Katika Bahia, inayoitwa moyo wa Afrika nchini humo, hali haikuwa bora sana. Mwandishi wa riwaya Jorge Amado, alipokuwa mbunge wa chama cha Kikomunisti, alipigania kifungu cha uhuru wa kuabudu katika katiba ya mwaka 1946. Hata hivyo, nyumba za ibada za jimbo hilo ziliendelea kulazimishwa kujiandikisha polisi na kuomba kibali kabla ya kupiga ngoma. Kitengo kilichohusika ni kilekile kilichosimamia michezo ya kamari na maadili. Sharti hilo lilifutwa Januari 1976 kwa amri ya gavana Roberto Santos. Ina maana kwamba wapo wazee wanaoishi leo Salvador ambao katika ujana wao walipanga foleni polisi ili waruhusiwe kusali.

Samba ukumbini, ibada uani

Wakati polisi wakizikamata ngoma hizo, midundo yake ilikuwa ikiingia kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba ya Hilária Batista de Almeida, aliyejulikana kama Tia Ciata, mwanamke wa Bahia aliyehamia Rio, ilikuwa mahali pa kukutania wanamuziki weusi. Alikuwa mtu wa Kandomble, na simulizi za mji huo husema kwamba muziki wa dansi ulipigwa ukumbini, samba nyuma yake, na ibada ikafanyika uani. Ni katika duara hilo ndimo ulimotoka wimbo "Pelo Telefone", uliosajiliwa na Donga mwaka 1916, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa samba ya kwanza kurekodiwa iliyovuma.

Miaka ya 1930, chini ya utawala wa Getúlio Vargas, samba ilipandishwa cheo ikawa muziki wa taifa. Redio ikaubeba, kanivali ikaupamba. Lakini nyumba za ibada ambamo wapigaji wengi walijifunzia kazi ziliendelea kuvamiwa. Baadhi ya nyumba za Umbanda zilizotafuta heshima mbele ya watu wa tabaka la kati ziliamua kuacha ngoma kabisa. Walitambua kwamba bei ya kukubaliwa ilikuwa ni ukimya.

Mwaka 1966 mshairi Vinicius de Moraes na mpiga gitaa Baden Powell walitoa santuri ya "Os Afro-Sambas", iliyojengwa waziwazi juu ya midundo na majina ya orisha. Hadi leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za muziki wa Brazil. Miaka mingi baadaye Baden Powell alijiunga na ulokole, akakataa kutamka tena salamu ya "saravá" iliyokuwa ikisikika katika nyimbo zake mwenyewe. Ilikuwa haki yake. Lakini yaonyesha kwamba kisa cha Leitte si kioja cha enzi ya intaneti, bali ni sura mpya ya kitabu cha zamani.

Hata umaarufu haumkingi anayeamua kulitaja ua. Mwezi Mei 2024 Anitta, mwanamuziki wa Brazil anayejulikana zaidi duniani kwa sasa, alitoa picha za video ya wimbo iliyoonyesha imani yake ya Kandomble. Kwa muda mfupi alipoteza wafuasi wapatao 200,000 katika mtandao wa Instagram. Wafuasi hao walikuwa wamecheza midundo ileile kwa miaka. Kilichowakimbiza ni kuambiwa inatoka wapi.

Maadui wapya

Kuanzia miaka ya 1970, nafasi iliyoachwa na polisi ilianza kujazwa na wengine. Makanisa mapya ya kipentekoste yalikua kwa kasi katika vitongoji vya watu maskini, na baadhi yake yakafanya vita dhidi ya orisha, walioitwa mashetani, kuwa sehemu ya mahubiri. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Wakristo wa kiinjili wamefikia asilimia 26.9 ya wananchi. Ni haki kusema kwamba walio wengi kati yao hawajamgusa mtu, na kwamba wengi ni weusi na machotara. Ugomvi huu haugawanyiki kirahisi kati ya weupe na weusi.

Mwezi Oktoba 1999, gazeti la Kanisa la Universal, Folha Universal, lilichapisha picha ya Mãe Gilda, kuhani wa Kandomble mjini Salvador, katika habari iliyowaita watu wa dini yake matapeli. Baada ya hapo alipata matusi na mashambulizi. Alifariki dunia kwa maradhi ya moyo Januari 21, 2000. Familia ilikwenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Haki ilithibitisha kuwa kanisa hilo lilipaswa kulipa fidia, ingawa ilipunguza kiasi chake. Kwa sheria ya mwaka 2007, Januari 21 ikawa siku ya kitaifa ya kupambana na ubaguzi wa kidini. Miongoni mwa waliowasilisha malalamiko dhidi ya Leitte mwaka 2024 ni Jaciara Ribeiro, binti wa Mãe Gilda aliyerithi uongozi wa nyumba ya mama yake.

Matukio mengine yamefuata. Mwaka 2014 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Rio alikataa kuamuru video za kuzikashifu dini hizo ziondolewe mtandaoni, akieleza kwamba hazikuwa dini kwa vile hazina kitabu kama Biblia au Kurani, hazina ngazi za uongozi, wala Mungu wa kuabudiwa. Baada ya kelele za umma aliirekebisha hoja hiyo, na mahakama ya rufaa ikaamuru video ziondolewe. Mwaka 2015, msichana wa miaka 11 alipigwa jiwe kichwani mjini humo akitoka kwenye ibada, amevaa mavazi meupe ya dini yake. Mwaka 2017 zilisambaa video za wahalifu wenye silaha, katika viunga vya Rio, wakiwalazimisha makuhani kuvunja madhabahu zao kwa mikono yao wenyewe.

Simu ya serikali ya kupokea taarifa za ukiukwaji wa haki za binadamu ilipokea zaidi ya malalamiko 2,400 ya ubaguzi wa kidini mwaka 2024.

Kipimo cha kelele

Mashambulizi hayo hupata vichwa vya habari. Kuna njia nyingine, ya upole na ya kisheria, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ni hatari zaidi kwa muda mrefu. Nayo ni malalamiko ya kelele. Sheria ya makosa madogo ya mwaka 1941 inamwadhibu anayevuruga utulivu wa wengine kwa makelele, na sheria ya mazingira ya mwaka 1998 inaadhibu uchafuzi, ambao kelele zaweza kuhesabiwa ndani yake. Jirani hupiga simu, askari hufika, na ibada iliyoandaliwa kwa wiki nzima husimamishwa katikati.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu kila jirani. Haki ya kulala usingizi ni haki ya kweli, na wakazi wa miji yetu ya Afrika Mashariki wanaijua vizuri mizozo ya vipaza sauti vya nyumba za ibada. Hakuna dini inayopaswa kuwa juu ya sheria. Swali ni iwapo sheria hiyo inapima wote kwa pishi moja. Kanisa lenye vyombo vya umeme na spika kubwa laweza kupunguza sauti kwa kugeuza kitufe. Ngoma ya mti na ngozi haina kitufe. Kanisa lenye fedha laweza kujenga kuta za kuzuia sauti, lakini nyumba ya ibada katika mtaa wa maskini, ambayo aghalabu huchezea uani, haina uwezo huo. Sheria inayoonekana kuwa sawa kwa wote yaweza basi kumfunga mmoja tu.

Zaidi ya hayo, mlalamikaji asiyependa orisha hahitaji tena kusema kuwa anawachukia. Inamtosha kusema kuwa hapati usingizi. Lugha ya mwaka 1890 ilikuwa ya uchawi, na ya leo ni ya desibeli. Matokeo yanaweza kuwa yaleyale ya Alagoas: watu wakiomba kwa sauti ya chini.

Mahakama Kuu ya Brazil imekwisha kuonyesha njia katika suala linalofanana na hilo. Mwezi Machi 2019 iliamua kwamba sheria inayoruhusu kuchinja wanyama katika ibada za dini zenye asili ya Afrika haivunji katiba. Kwa hiyo, pale tendo linapokuwa kiini cha ibada, dola haliwezi kulitendea kama tabia mbaya ya mtaani. Hakuna sababu ya kutotumia hoja hiyo kwa ngoma. Zipangwe saa, zipimwe sauti kwa haki, majirani na makuhani wakae pamoja, lakini askari asiingie kuzima ibada kana kwamba anazima sherehe ya baa.

Dalili za mabadiliko

Kwa upande mwingine, hali si ya giza tupu. Mwezi Septemba 2020, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na viongozi wa dini kama Mãe Meninazinha de Oxum, vifaa 519 vilivyokamatwa na polisi wa Rio vilihamishiwa Makumbusho ya Jamhuri. Leo mkusanyiko huo unaitwa Nosso Sagrado, yaani Kitakatifu Chetu. Januari 2023 sheria namba 14,532 iliweka kifungo cha kati ya mwaka mmoja na mitatu kwa anayezuia ibada au kuitumilia mabavu.

Na watu wameanza kujitaja. Katika sensa ya mwaka 2010, waliosema kuwa ni wafuasi wa Kandomble au Umbanda walikuwa asilimia 0.3. Mwaka 2022 walifika asilimia 1. Huenda baadhi ni wapya, lakini si vigumu kuamini kwamba wengi walikuwapo siku zote, wakijiita Wakatoliki mbele ya karani wa sensa.

Tukirudi kwa Leitte, hakuna sheria njema inayoweza kumlazimisha mtu kumsifu mungu asiyemwamini, na angeweza kuacha kabisa kuuimba wimbo huo bila kumkera yeyote. Linalouma ni kuubakiza mdundo na kulifuta jina, kwa sababu ndivyo Brazil ilivyozoea kufanya tangu enzi za Tia Ciata. Hata hivyo, kosa litakuwa kubwa zaidi iwapo taifa litashughulika na jukwaa lenye taa na kuusahau ua wa nyumba maskini. Kila mwaka Brazil huipigia dunia ngoma za kanivali, na hakuna anayempigia polisi simu. Yafaa tusikilize yanayotokea usiku wa kawaida, mtaani, mgeni wa utalii akiwa hayupo, pale ngoma zilezile zinapolia kwa ajili ya Xangô.